Siku nne za mwanzo wa Mei Uingereza, wawili na marafiki zao

Majira ya kuchipua Uingereza hayaji kwa mkupuo. Jumapili ya mwisho ya Machi saa husogezwa mbele, na tofauti na Nairobi au Dar es Salaam inashuka kutoka saa tatu hadi mbili. Aprili micheri inachanua mitaani, lakini mvua ya mawe bado inaweza kukushukia mchana. Kwa wanandoa vijana waliohamia huku kwa kazi au masomo, wikiendi ya kuitunzia likizo ni ile ya kwanza ya Mei. Maua ya msituni hayajakwisha, wanakondoo wako malishoni, jua linazama kama saa mbili na nusu usiku, na Jumatatu ni sikukuu. Mwaka 2026 hesabu inakaa vizuri zaidi, kwa sababu tarehe 1 Mei ni Ijumaa na sikukuu ni Jumatatu tarehe 4. Mkiomba ruhusa ya siku moja tu kazini, mnapata nne.

Safari hii ni ya watu wanne, ninyi wawili na marafiki wawili, na kituo chenu ni London. Saa zote hapa ni za Kiswahili: treni iliyoandikwa 19:30 ni ya saa moja na nusu usiku.

Alhamisi 30 Aprili, jioni

Mnalala Oxford, maana tukio la kesho ni la alfajiri. Treni zinatoka Paddington na kufika kwa muda wa saa moja hivi. Vyumba vya usiku huu huwahi kujaa, kwa hiyo vikatiwe nafasi wiki nyingi kabla, au mwombe sakafu kwa rafiki anayesoma huko.

Tiketi ndizo zinazokula fedha za vijana wengi bila sababu. Wanandoa wanaosafiri pamoja mara kwa mara wanunue Two Together Railcard. Ni pauni 35 kwa mwaka na inapunguza theluthi moja ya nauli. Masharti yake ni mawili: majina na picha za wote wawili zimo ndani yake, hivyo mmoja akisafiri peke yake haimsaidii, na siku za kazi haifanyi kazi kabla ya saa tatu na nusu asubuhi. Mkiwa watatu hadi tisa, kampuni nyingi za treni zina punguzo linaloitwa GroupSave, nalo ni theluthi moja vilevile, bila kadi yoyote, kwa tiketi za saa zisizo na msongamano. Kikundi hukwama pale mmoja anapochelewa. Tiketi zilikatwa za watu watatu, mmoja kaikosa treni, wawili waliobaki si kikundi tena, na mkaguzi akipita anaweza kuwadai tofauti ya nauli. Kutaneni kituoni nusu saa kabla, na si ndani ya behewa.

Jioni ya siku ya kazi treni za kutoka London hujaa watu wanaorudi makwao, na tiketi nyingi za bei nafuu hazikubaliki saa hizo. Soma masharti yaliyoandikwa kwenye tiketi yenyewe kabla ya kulipa. Ya baada ya saa moja na nusu usiku kwa kawaida haina tatizo, na viti vya kukaa mkitazamana vinapatikana.

Mfukoni pawe na dawa ya mzio. Chavua ya mti wa birch ndiyo inayosumbua sana kati ya katikati ya Aprili na mwanzo wa Mei. Ya nyasi inafuata baadaye na kuendelea hadi Julai. Mtu aliyekaa Uingereza miaka miwili bila shida anaweza kuanza kupiga chafya na kuwashwa macho mwaka wa tatu, akadhani ni mafua yasiyoisha. Vidonge vya cetirizine au loratadine vinauzwa duka la dawa bila cheti cha daktari, na vinasaidia zaidi vikinywewa kabla dalili hazijachacha. Mwenye ugonjwa mwingine au mjamzito amuulize mfamasia kwanza.

Ijumaa 1 Mei, Oxford

Amkeni saa kumi na nusu. Jua linachomoza kama saa kumi na moja na dakika thelathini na tano, na ifikapo saa kumi na mbili kamili kwaya ya Chuo cha Magdalen inaimba juu ya mnara wa chuo hicho, mita 44 kutoka ardhini. Desturi hii ina zaidi ya miaka 500. Wimbo wa kwanza ni wa Kilatini, Hymnus Eucharisticus, kisha sala, kisha kengele. Kutoka kituo cha treni hadi Daraja la Magdalen ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na barabara kuu ya mji hufungwa kwa magari asubuhi hiyo.

Sauti za juu ya mnara ni nyembamba na upepo huzichukua. Wanaosimama juu ya daraja wanauona mnara vizuri, lakini wamezungukwa na vijana waliokesha kwenye dansi na hawasikii wimbo. Fikeni saa kumi na moja na nusu, simameni barabarani upande wa chuo, karibu na ukuta wa mnara. Baridi ya saa hizo inaweza kuwa nyuzi 5 au 6, na kusimama tuli saa nzima kunaumiza zaidi ya kutembea. Sweta mbili chini ya koti jepesi la mvua zinafaa kuliko koti moja zito, kwa sababu saa nne baadaye mtakuwa mnazivua. Mto Cherwell chini ya daraja ni wa kina kifupi, na mwaka 2005 watu wengi waliojirusha humo asubuhi ya siku hii waliumia. Msimfuate mtu.

Kengele zikinyamaza, kaeni mitaani. Vikundi vya wacheza ngoma za Morris, wenye njuga miguuni na leso nyeupe mikononi, wanacheza kona kwa kona, na mikahawa imeshafungua. Kuleni kifungua kinywa kizito, maana kazi inayofuata ni ya mikono.

Chini ya daraja pana gati la kukodi mashua bapa za mto, kwa saa. Mashua hizi hazina mkuku wala makasia. Zinaendeshwa kwa pondo, na mtu wa Pwani aliyewahi kuona mtumbwi ukisukumwa kwenye maji ya kupwa ameshaelewa nusu ya kazi. Mashua ina urefu wa kama mita 7, pondo kama mita 5, na ncha ya chini ya pondo ina chuma cha kuuma tope. Oxford mwendeshaji husimama ndani ya mashua, upande wa tezi. Cambridge hupanda juu ya sakafu ndogo iliyofunikwa. Wa ndani ndio mtindo salama kwa anayeanza.

Anasimama uso ukielekea omo, miguu imetengana kidogo, upande mmoja wa mashua, na habadilishi upande. Analiinua pondo wima, karibu kabisa na ubavu wa mashua, kisha analiachia lishuke lenyewe kati ya viganja hadi liguse chini. Halisukumwi kushuka, linadondoka. Mashua inavyosogea, pondo linaanza kulala kuelekea nyuma, na hapo ndipo pa kusukuma, mkono juu ya mkono, mgongo ukiwa umenyooka. Mwisho wa msukumo anazungusha kiganja kidogo ili chuma kitoke topeni, kisha analiacha pondo lielee nyuma kama usukani: likipelekwa kulia, omo inakwenda kulia. Ndipo analiinua tena.

Makosa hujirudia kwa kila anayeanza. Pondo likishuka mbele ya miguu yake, mashua inasimama au inarudi nyuma. Likishuka mbali na ubavu, mashua inazunguka na kuingia vichakani. Kubwa kuliko yote ni kung'ang'ania pondo lililonasa topeni wakati mashua inaendelea, maana mtu hubaki ananing'inia kisha anaingia mtoni. Pondo likinasa, liachie mara moja. Kila mashua ina kafi la akiba, rudini nalo mkalichukue pondo. Wengine wakae, asisimame mtu. Maji huteremka kwenye pondo na kuingia mkononi mwa nguo, basi mikono ikunjwe hadi juu ya kiwiko. Simu ziwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Saa moja na nusu inatosha kupanda mto na kurudi bila haraka.

Rudini London kwa treni ya mchana kabla ya msongamano wa jioni, mlale mapema.

Jumamosi 2 Mei, msitu wa Ashridge

Kabla ya lolote, asubuhi hii nunueni nyama na mkaa wa Jumatatu. Sheria ya Uingereza inaruhusu maduka makubwa, yenye zaidi ya mita za mraba 280, kufungua kwa saa sita tu siku ya Jumapili, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Kesho mtarudi usiku, na maduka hayo yatakuwa yamefungwa.

Treni ya leo inatoka Euston hadi Tring, kama dakika 40. Kituo cha Tring kiko mbali na mji wenyewe, na hiyo ni faida kwenu kwa sababu kinaelekea upande wa msitu. Dakika 20 kwa miguu mnafika kijiji cha Aldbury, chenye bwawa la mabata katikati na pingu za mbao za kale walimofungiwa wahalifu. Kutoka hapo njia inapanda mlima kwa dakika 20 au 25 hadi mnara wa Bridgewater, uliojengwa mwaka 1832, ngazi 172 ndani yake. Msitu mnaoutafuta, Dockey Wood, uko mbele zaidi, saa moja hivi kwa mwendo wa kutazama. Mali yote hii iko chini ya National Trust, shirika la kuhifadhi mandhari na majengo ya kale, na wikiendi za msimu wa maua hutozwa kiingilio kidogo kwa asiye mwanachama. Angalieni tovuti yao usiku wa kuamkia, kwani hao ndio hutangaza maua yamefikia wapi.

Maua yenyewe ni blubeli. Kwa wiki tatu hivi, katikati ya Aprili hadi mapema Mei, sakafu yote ya msitu inakuwa ya buluu kiasi kwamba macho hayaamini. Sababu ya haraka hiyo ni mwanga. Miti ya beech ikifunga majani, chini kunakuwa giza hadi vuli, hivyo ua hili lazima limalize kazi yote kabla dari halijafunga. Majani yake ndiyo jiko: yanapika chakula kwa mwanga huo mchache na kukiweka kwenye kitunguu ardhini kwa ajili ya mwaka ujao. Mtu akikanyaga majani hayo, hata kama ua halikuguswa, kitunguu kinalala njaa na mwaka unaofuata hakitoi kitu. Mbegu nayo huchukua miaka mingi hadi kuchanua. Ndiyo maana picha ya mpenzi aliyeketi katikati ya maua, inayosambaa mitandaoni kila mwaka, inaumiza. Huwezi kufika pale alipokaa bila kukanyaga mamia, na wa nyuma yake watafuata kijia hichohicho hadi kiwe njia.

Picha nzuri hupigwa kutoka njiani. Chuchumaa hadi simu ifike urefu wa maua, tumia lenzi ya kuvuta mara mbili ili safu zibanane, na punguza kidogo mwanga wa picha yenyewe. Jua kali la mchana hugeuza buluu kuwa zambarau iliyopauka. Wingu jepesi au saa mbili za mwisho kabla ya magharibi hutoa rangi ya kweli. Wapenzi wasimame kwenye kona ya njia, maua yakiwa mbele na nyuma yao.

Blubeli ya asili ina shingo iliyoinama upande mmoja, harufu tamu, na chavua nyeupe ya maziwa. Ile ya Kihispania, iliyotoroka bustanini, imesimama wima, maua yamezunguka shina lote, harufu karibu hakuna, chavua ni ya buluu. Mkiiona Dockey Wood itakuwa pembezoni, karibu na nyumba za watu.

Penye unyevu mtanusa vitunguu saumu vya mwituni, majani mapana, maua meupe kama nyota. Rafiki Mwingereza atawaambia yanaliwa, na ni kweli. Lakini majani ya lily of the valley yanafanana nayo, na yale machanga ya lords-and-ladies huota katikati yake. Yote mawili ni sumu. Kunusa kunamdanganya mtu, kwa sababu baada ya kuchuma jani la kwanza vidole vyote vinanuka saumu. Asiyeyajua kwa macho aache.

Usiku mkifika nyumbani, kaguaneni nyuma ya magoti, kinenani, kwapani na kwenye mstari wa nywele. Kupe wa misitu hii wameshaanza kazi majira haya. Kupe anakamatwa kwa kibano karibu kabisa na ngozi, anavutwa taratibu kwa mstari ulionyooka, bila kumminya tumbo wala kumpaka mafuta. Wiki zinazofuata, wekundu unaopanuka kwa duara mahali hapo ni wa kumwonyesha daktari.

Jumapili 3 Mei, magenge ya Seven Sisters

Siku ndefu kuliko zote. Wikiendi za sikukuu ndipo reli hufanyiwa matengenezo, na safari ya treni inayochukua muda wa saa moja na nusu inaweza kugeuka ya mabasi yanayochukua muda wa saa tatu. Ratiba itazamwe jana yake usiku, si mwezi uliopita mlipokata tiketi. Kwa kawaida mnatoka Victoria, mnabadilisha Lewes, mnashuka Seaford. Muwe njiani saa moja asubuhi.

Kutoka Seaford hadi Eastbourne kwa kufuata pwani ni kama kilomita 22, saa saba pamoja na kupumzika. Mnapanda Seaford Head kwanza, na upande wa pili, kwenye nyumba za zamani za walinzi wa pwani, ndipo penye mandhari ile iliyoko kwenye kila kalenda: magenge meupe ya chaki yakipanda na kushuka hadi mbali. Wengi wanashangaa hapo, kwa sababu magenge yanaonekana karibu lakini mto Cuckmere umewakata. Hakuna daraja mdomoni mwake. Wako wanaovuka maji yakipwa. Msijaribu, mkondo una nguvu na tope halina mwisho. Pandeni na mto kama kilomita 2 hadi daraja la Exceat, vukeni, mshuke upande wa pili. Exceat pia ndipo pa choo, pa kujaza maji na pa kuamua: aliyechoka au mwenye lengelenge anapanda basi namba 12, la kwenda Eastbourne au Brighton. Kuanzia hapo kuacha safari kunakuwa kugumu zaidi.

Kilele cha kwanza, Haven Brow, ndicho kirefu, mita 77. Vinavyofuata ni vifupi, lakini kila kimoja kinakushusha karibu hadi chini kabla ya kukupandisha, na magoti ndiyo yanayolipa. Nyasi fupi zilizochungwa na kondoo zinateleza zikiwa na umande. Chaki yenyewe ikilowa inateleza kama sabuni, hivyo viatu viwe na meno. Maji lita 2 kwa kila mtu, kofia, na mafuta ya kuzuia jua hata kwa ngozi nyeusi, kwani upepo wa bahari unaficha ukali wake.

Ukingo ni jambo la uhai. Chaki hupasuka kwa ndani na kumeguka bila ishara, na pengine nyasi unazokanyaga zinaning'inia juu ya hewa tupu. Kaeni mita 5 au zaidi kutoka ukingoni, na mpiga picha asirudi nyuma akitazama skrini. Birling Gap kuna mkahawa na ngazi za kushuka ufukweni. Mkishuka, msikae chini ya genge, na mjue saa za maji kujaa, kwa sababu bahari ikijaa inafika ukutani na kuwazingira.

Kondoo wenye watoto watawatazama. Pitieni kwa mzunguko mpana, msije kati ya mama na mwanakondoo. Mbwa wa rafiki awe kwenye kamba muda wote. Geti mlilolikuta limefungwa lifungwe, mlilolikuta wazi libaki wazi, kwa sababu mfugaji amelipanga kwa ajili ya maji au malisho.

Beachy Head, mita 162, ndiyo mlima wa mwisho. Baada yake mnateremka hadi Eastbourne, samaki na chipsi, na treni ya moja kwa moja kurudi Victoria.

Jumatatu 4 Mei, bustani ya nyuma

Miguu itagoma, na ndiyo siku ya kuketi. Fanyeni choma kwenye bustani ya mwenyeji, wala si bustani ya umma: zile za Royal Parks, kama Hyde Park na Greenwich, haziruhusu kuchoma nyama. Majiko ya sinia ya kutupa hayafai popote. Yanababua nyasi, hubaki moto saa nyingi, na yakiingizwa kwenye hema au chumba mvua ikianza, hewa yake ya kaboni monoksidi inaua watu waliolala bila harufu wala dalili.

Kwa watu sita, ninyi wanne na wenyeji wawili, kilo 2 na nusu za nyama yenye mfupa na kilo 3 za mkaa. Wanakondoo mliowaona jana bado hawajafika buchani. Nyama ya "masika" inayouzwa ghali sasa ni ya waliozaliwa katikati ya baridi, laini mno kwa choma yetu. Mbuzi hupatikana kwenye bucha za halali. Mwambie mchinjaji akukatie vipande vikubwa, la sivyo atakutolea vidogo vya mchuzi. Washa mkaa bila mafuta ya taa, subiri dakika 30 hadi uvikwe majivu ya kijivu, kisha usogeze wote upande mmoja. Mbuzi ianzie upande usio na moto, imefunikwa, saa moja hivi, na imalizie juu ya makaa ili ngozi ishike rangi. Kuku ifike nyuzi 75 katikati. Nje kuungua kabla ndani haijaiva ni kwa sababu aliwekwa mwali ukiwa bado unawaka.

Msimu wa asparaga, mboga ya machipukizi marefu ya kijani, unaanza rasmi tarehe 23 Aprili na kuisha 21 Juni. Vunja shina kwa mkono, litakatika lenyewe pale ugumu unapoishia. Paka mafuta na chumvi, dakika 5 juu ya makaa. Inakaa vizuri ajabu na kachumbari. Mwenyeji Mwingereza hatarajii mje mikono mitupu, chupa ya kinywaji au kitindamlo kinatosha, na muulizeni mapema kama kuna asiyekula nyama ili apate sehemu yake ya wavu isiyoguswa na mafuta ya mbuzi.

Ikifika saa moja na nusu jioni jua bado liko juu ya paa lakini joto limeshaondoka. Leteni mablanketi nje mapema, kabla mtu hajaanza kutetemeka na kuaga.